Babu Magamba na Daraja Lililotugombanisha

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Kinyozi anaisimulia vibaya. Muuza mitumba anaisimulia vibaya. Hata fundi baiskeli, ambaye siku yenyewe alikuwepo na alikaa benchi la mbele, anaisimulia vibaya kuliko wote, na ndiye anayeaminiwa. Wanasema mimi na kaka yangu tuliacha kusemeshana kwa ajili ya mwanamke. Mwanamke gani? Wamtaje tumsalimie. Kaka alipendwa na mwanamke mmoja tu maishani, akamwoa, Mungu amrehemu. Mimi nilipendwa na wengi mno, foleni ilikuwa ndefu, muda wa kugombania mmoja sikuwa nao.

Tuligombana kwa ajili ya dude. Dude la Kijapani.

Naandika mwenyewe ili ikae mahali ikiwa sawa. Shule niliiona kupitia dirishani. Herufi nilijifunza kwa kuandika mabango ya banda letu la video kwa chaki, na mpaka leo nikiandika barua ya msiba mkono unataka kumalizia LEO SAA TISA, USIKOSE.

Ilikuwa hivi. Miaka thelathini iliyopita kaka alishika deki na jenereta, mimi nikashika maiki. Yeye watu walimwita Mitambo, mimi wakaniita Maiki. Filamu zilikuja kwa Kijapani, mimi nasimama kando ya tivii nawaambia watu wanasema nini mle ndani. Kijapani sijui hata cha kuombea maji. Lakini mtu akilia unajua analia, akikimbia unajua anakimbia, yaliyobaki ni ufundi wa mdomo, na mdomo ninao. Walikuwa wanatoka mitaa mitatu mbali kuja kunisikiliza mimi. Filamu ilikuwa kisingizio.

Kipenzi chao alikuwa Babu Magamba. Jina nilimpa mimi, Wajapani wana lao refu halitamkiki ukishapungukiwa na meno. Ni kama kakakuona aliyekua mpaka mlima ukamwonea aibu. Akikasirika anajiviringa, anakuwa mpira wa magamba, anabingirika juu ya mji. Siku yenyewe alianguka na daraja, akazama mtoni, picha ikakatika, kanda ikawa imeisha. Nikainua maiki nikasema: "Amekufa. Babu Magamba ametutoka." Watu walilia. Fundi baiskeli alilia, muulizeni.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa hakuja mtu. Nani anakwenda nyumba ya msiba kumwangalia marehemu akirukaruka? Mwezi haukwisha tukafunga banda. Kaka akasema dude halikufa, kanda tu ilikatika, mimi ndiye niliyeliua kwa mdomo wangu na kuua kazi yetu sote. Nikasema lilikufa. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Tunaishi uani pamoja, mlango wangu unatazamana na wake, lakini akitaka kuniambia nyumba yangu inaungua atamtafuta mtu wa kumtuma.

Lilikufa. Nililiona kwa macho yangu.

Jumatano, tarehe 5

Mvua imeanza. Nimeweka ndoo mahali pa siku zote.

Binti wa kaka, yule fundi simu, ametuita sote wawili chumba cha mbele. Nikajua kuna jambo, maana huwa hatuketi chumba kimoja ila akiwepo maiti. Akamwambia baba yake, "Madaktari wa macho wanakuja hospitali kubwa wiki ya pili ya mwezi wa tano. Nimeshakuandikisha."

"Nifute."

"Baba, mtoto wa jicho amekomaa. Wamesema asipotolewa msimu huu jicho la kulia linakufa kabisa, na la kushoto linalifuata. Na hawarudi mpaka mwakani."

"Mjomba wetu alikwenda huko na jicho bovu akarudi na fimbo."

"Hiyo ilikuwa kabla sijazaliwa."

"Fimbo ipo mpaka leo."

Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe binti akauliza, "Unataka nini ili uende?"

Kaka akasema, "Nataka nimwone Babu Magamba pale darajani. Kwa hilihili jicho, kabla hawajalikoroga. Nijue alikufa au hakufa. Nikishaona, wafanye watakavyo."

Nilidhani anatania. Kaka hatanii, utani wote wa familia nilipewa mimi.

Ijumaa, tarehe 7

Binti amezipata zote. Ziko ishirini na sita ndani ya kitu kidogo kama kifungo cha koti. Sisi kwenye banda tulikuwa nazo kumi na moja, tukadhani tumemaliza dunia.

Tatizo, majina yameandikwa Kijapani, yaani kuku amepita kwenye tope. Ya daraja ni ipi? Binti akasema atauliza kwenye simu, ni dakika moja. Kaka akasema, "Sitaki kuambiwa na simu. Na msiniruke hata moja. Filamu hairukwi." Halafu akaelekeza kidevu kwenye kona, mimi nilikuwa kona nyingine. "Mwambie huyo aje kila siku baada ya chakula cha mchana. Anayajua majina."

Binti akanigeukia. "Baba mdogo, baba anasema..."

"Nimesikia. Niko hapa."

"Mwambie asichelewe," kaka akasema.

Jumapili, tarehe 9

Filamu ya kwanza. Enzi za banda watu walipima filamu kwa makofi, na mimi nitapima hivyohivyo, mwisho kumi. Hii haina rangi. Babu Magamba anatoka mgodini, anakula treni, Profesa Miwani anakusanya umeme wa mji mzima anamchoma nao. Anageuka jivu. Jivu kabisa, upepo unalibeba. Makofi tisa. Moja nimelikata kwa sababu kaka alikohoa wakati wa hotuba yangu ya ufunguzi.

Jumatatu, tarehe 10

Ya pili. Yupo. Mzima. Nilikaa nikimngoja mtu mmoja tu mle ndani aulize, "Lakini si alikuwa jivu?" Hakuna. Mama Huruma, mke wa Profesa Miwani, anaangukiwa na ukuta, anakufa. Makofi manne.

Alhamisi, tarehe 13

Umeme ulikatika siku mbili. Mvua.

Ijumaa, tarehe 14

Ya tatu na ya nne pamoja. Sielewi. Mama Huruma aliyeangukiwa na ukuta ni polisi. Amekuwa kijana. Amekutana na Profesa Miwani, mume wake wa ndoa, wakaulizana majina. Nikasema pengine ni pacha.

"Mwambie huyo ni mwigizaji yuleyule, kapewa kazi nyingine," kaka akamwambia binti.

"Mwambie kaka mtu akifa kwa maiki yangu amekufa."

"Mwambie ndiyo iliyotufikisha hapa."

Binti alikuwa ameshika simu ya mtu, bisibisi mdomoni. Akaitoa bisibisi. "Mimi naongeza bei ya kutumwa," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Jumatano, tarehe 19

Ya sita. Lazima niiandike taratibu, maana ilinipita nikaja kuikamata jioni wakati nakinga maji.

Filamu tano zote hazikuwa na rangi. Ya sita imeanza, bahari ikawa bluu. Bluu inayouma. Magari mekundu, nyasi kijani, na Babu Magamba, ambaye maisha yangu yote nilikuwa nawaambia watu ni mweusi kama sufuria, kumbe ni rangi ya machungwa yaliyoiva. Miaka ile tivii yetu ya banda ilikuwa mbovu, sikujua. Nilisimama. Nikamngoja kaka aseme neno. Mtu aliyeshika deki miaka tisa, anayejua kila waya, rangi zinamwagika hivi mbele yake, asiseme?

Hakusema. Alikuwa anatazama kidogo pembeni ya tivii, pale kwenye kalenda, anatikisa kichwa kila muziki unapopanda.

Baadaye nikamfuata binti jikoni. Nikamwambia, "Baba yako haoni."

"Najua, baba mdogo."

"Haoni hata kidogo. Anatazama kalenda."

"Chai anaimimina akiwa ametumbukiza kidole kikombeni, ajue imefika wapi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tisa, anazihesabu. Niliposogeza stuli wiki iliyopita alijigonga, akasema ni baridi imemshika mguu." Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. "Anataka tuamini bado anaona kidogo. Kwa hiyo naamini."

"Sasa hiyo filamu ya daraja ataionaje?"

"Hilo ndilo sielewi," akasema. "Ulizaneni nyinyi, ndugu."

Makofi kumi kwa bahari. Filamu yenyewe siikumbuki.

Alhamisi, tarehe 20

Leo nimeanza kusema. Sikumwambia mtu. Filamu ilipoanza nikawa najisemea tu, kama mzee anayeongea na viatu vyake: "Haya, sasa asubuhi, soko la samaki, watu wamejaa, yule wa kofia nyeupe anamwogopa mkewe." Kaka hakunikataza. Kalenda ameiacha. Amegeuza sikio.

Jumanne, tarehe 25

Ya tisa. Babu Magamba ana mtoto. Mama wa mtoto hatajwi. Nimeshuhudia watu wakiulizwa maswali kwa mambo madogo kuliko hayo. Makofi matano.

Ijumaa, tarehe 28

Ya kumi. Tandu mwenye taa mgongoni. Nilimsimulia vizuri mpaka binti akajikuta amekuja kusimama nyuma yetu na simu ya mteja ikaita mkononi asisikie. Makofi manane, saba yangu.

Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa nne

Ya kumi na tatu. Hii imenivuruga kabisa.

Inaanza, mji mzuri, watu wanakunywa chai, Babu Magamba anatokeza. Na wote wanashangaa. "Ni nini hicho?" Mkuu wa jeshi hajawahi kumsikia. Gazeti halijawahi kumsikia. Filamu kumi na mbili, miji tisa, treni sijui ngapi, mtoto yule wa magamba, Profesa Miwani na umeme wake, vyote havikuwahi kutokea. Nilihisi kama nimeingia nyumbani kwangu nikakuta watu wamekaa mezani wananiuliza mimi ni mgeni wa nani.

Nikanyamaza. Maneno yalikwisha. Haijawahi kunitokea, waulizeni wanaonifahamu.

"Wewe," kaka akasema. "Mbona umekata?"

Binti hakuwepo. Nikatazama nyuma yangu, labda anaongea na mtu.

"Wewe, nakuuliza. Kumetokea nini?"

"Hawamjui," nikasema. "Wameanza upya. Kama hakuwahi kuwepo."

Akafikiri. "Wameamua yale yote ya nyuma hayakutokea."

"Inaruhusiwa?"

"Dude ni lao." Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi asogee. "Wenzetu wana raha. Sisi tukiamua hivyo, tutaanzia wapi?"

Nikaendelea kusimulia. Makofi sijui. Sijui kabisa.

Jumapili, tarehe 6

Anaongea na mimi. "Leta maji." "Punguza sauti." "Hukumbuki kitu wewe, huyo alikuwa na kovu shavu la kushoto." Binti ametutazama kama watu waliokula dawa isiyo yao.

Jumanne, tarehe 15

Mvua imekatiza umeme siku sita. Tumebakiza filamu kumi na mbili na siku ishirini na sita. Nimehesabu kwa maharagwe.

Ijumaa, tarehe 18

Nimefanya ujanja. Kaka alipolala mchana niliwasha tivii bila sauti nikaanza kurusharusha mbele, nitafute yenye daraja niijue. Ya kumi na tano ina daraja linavunjika. Ya kumi na sita ina daraja linavunjika. Ya kumi na saba ina mawili. Hawa Wajapani wanajenga madaraja ili wapate cha kuvunja. Nikazima.

"Umefika ya ngapi?" kaka akauliza kutoka kitandani.

"Nilikuwa nafuta vumbi."

"Filamu hairukwi."

Ijumaa, tarehe 25

Ya kumi na tisa. Kunguru wa barafu. Makofi sita. Kaka amemwaga chai, nikasema ni mimi nimeigonga. Hakubisha. Tumetazamana, yaani mimi nimemtazama.

Jumatano, tarehe 30

Leo kamwambia binti, "Ahadi yangu ilikuwa nikishaona. Kama sijaona, sijaahidi kitu."

Binti akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli, akasimama uani kama mtu anayengoja gari ambalo hapa halipiti. Nikamfuata na ndoo kichwani. Akasema, "Unaona anachofanya? Haoni, na anajua haoni. Ikifika ya daraja atasema hakuiona, kwa hiyo haendi. Alijua tangu siku ya kwanza."

Sijui kama ni kweli. Mwezi uliopita ningeapa kwamba ni ukaidi. Sasa namwona akihesabu hatua tisa, midomo inacheza, akifika mlangoni anaushika kama mtu aliyekamata kamba majini, nami sijui naangalia ukaidi au woga. Pengine havina tofauti ukifika umri wetu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne na leo ameonekana mdogo.

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa tano

Ya ishirini na mbili. Uyoga unaotembea. Makofi mawili, tena ya kusukumwa.

Ijumaa, tarehe 9

Ni ya ishirini na nne. Nimeijua tangu dakika ya kwanza, kwa sababu ya yule mwanamke anayeuza miavuli, ambaye kwenye banda nilimpa jina Shangazi Ukungu. Sauti ikapanda yenyewe mpaka ile ya maiki, na kaka akaisikia.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo."

Akakaa sawa. Binti akazima kile kichuma chake cha kuunganishia waya, akaja akakaa chini karibu na miguu ya baba yake. Nilisimama kando ya tivii, mahali pangu pa zamani.

Nikaisema yote. Sikuongeza kitu, au niliongeza kidogo. Babu Magamba anafukuzwa mpaka daraja kubwa, ndege zinamzunguka kama inzi, anajiviringa, daraja halimwezi, linakatika katikati, anaanguka nalo. Maji yanapanda, yanashuka, yanafunga. Hapa ndipo kanda yetu iliishia. Hapa ndipo niliinua maiki.

Lakini hii haikuishia hapo.

Mto ulitulia. Halafu mapovu. Halafu gamba moja, la rangi ya machungwa, likatokeza, na jingine, na mgongo mzima ukainuka kama kisiwa kinachozaliwa, na Babu Magamba akatoka upande wa pili, akajikung'uta, akaenda zake baharini kwa miguu yake minne, hana haraka. Shangazi Ukungu akampungia mkono.

Miaka thelathini. Binti alinitazama. Kaka alikuwa ananisubiri, kichwa amekiinamisha.

"Sema," akasema.

Nikasema, "Amekufa."

Binti akafumbua kinywa, nikamwonyesha kidole.

"Mto umetulia," nikasema. "Watu wamevua kofia. Amekufa, kaka, kama nilivyosema siku ile."

Muziki wa mwisho ukapita. Halafu kaka akasema taratibu, "Nimesikia mapovu."

"Ni maji yanaingia kwenye chuma cha daraja."

"Nimeshika deki miaka tisa. Nimesikia mapovu, halafu maji yakamwagika kama mtu anayetoka kuoga, halafu ngoma ikabadilika. Kitu kilichokufa hakibadilishiwi ngoma."

"Umesikia vibaya. Umri."

"Mwongo wewe," akasema. "Ulikuwa mwongo, ukazeeka mwongo." Akasimama, akakosea hatua, akakamata bega la binti. "Jumanne nipelekeni hospitali. Wanitoe hiki kitu. Nikirudi nitaitazama mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na nikiona ametoka mtoni, nitaita mtaa mzima."

Binti alinifuata mlangoni. Nikamweleza, na naandika hapa vilevile ili ieleweke. Ulikuwa mpango. Nilipiga hesabu pale pale nimesimama: nikimwambia hakufa, ameshinda, na mtu aliyeshinda haondoki kitini, atasema ameridhika, macho ya nini tena. Nikimwambia amekufa hataamini, atataka kuona, na kuona kuna njia moja tu. Binti akanikumbatia. Akaniita baba mdogo mara tatu. Nimelala mchana huu kama mfalme.

Jumapili, tarehe 11

Amekataa kutazama ya ishirini na tano na ya ishirini na sita. Anasema zitamngoja.

Jumanne, tarehe 13

Hospitali. Benchi limejaa wazee wamefunikwa jicho moja, kama mkutano wa maharamia waliostaafu. Nikawatania, wakacheka wote isipokuwa kaka.

Walipomwita alisimama akaanza kuhesabu hatua, lakini chumba hakijui. Alihesabu mpaka tisa akasimama katikati ya ukumbi, hajafika popote. Nesi alikuwa anaongea na mwingine. Nikaenda.

"Ni nini kile kinanuka?" akaniuliza.

"Dawa ya kusafishia sakafu."

"Mjomba alisema kulinuka hivi."

"Mjomba alienda kwa mganga wa meno, akakosea mlango."

Hakucheka, ila bega lilishuka kidogo. Nikampeleka mpaka mlangoni. Wakamchukua. Nikakaa. Wanasema ni dakika ishirini. Zilikuwa dakika ishirini za Kijapani, filamu nzima, na mimi ndani yake nilikuwa sielewi nani ni nani. Nilifikiria kwamba akitoka kama mjomba, aliyempeleka ni mimi. Siyo daktari wala binti. Ni lile neno moja langu.

Jumatano, tarehe 14

Wamemfungua bandeji. Daktari ameridhika. Kaka amevaa miwani myeusi, ametazama chini njia nzima. Nikimuuliza unaona, anasema "kuna mwanga". Mwanga hata kipofu anaujua. Binti anamtia dawa ya matone mara nne kwa siku.

Ijumaa, tarehe 16

Mvua imepungua. Bado anasema "kuna mwanga". Silali mchana.

Jumapili, tarehe 18

Leo ametaka ya ishirini na nne. Ametuambia tukae, na mimi nisifungue mdomo.

Alivuta kiti mpaka karibu na tivii. Ametazama mbele, siyo kalenda, lakini uso wake hausomeki. Daraja likavunjika. Mapovu. Magamba. Babu Magamba akatoka, akajikung'uta, akaenda. Hata kuku angeona. Nikajikaza ningoje miaka thelathini inishukie kichwani.

Kaka akakaa mpaka maandishi ya mwisho yakaisha. Akavua ile miwani, akaifuta na ncha ya shati.

"Ulisema kweli," akasema. "Amekufa."

Binti akashika ukuta. Nikasogea mbele ya kaka, nikainama. "Kaka, hukuona?"

"Nimeona. Amekufa kama ulivyosema."

"Kaka, ameinuka. Ametoka majini. Ameondoka kwa miguu yake."

"Nani?"

"Babu Magamba. Hakufa."

"Sikusikia."

"Hakufa, kaka. Hakufa hata siku ile. Kanda ndiyo ilikatika." Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine, na macho yangu ndiyo yaliyokuwa na ukungu sasa. "Nilikosea mimi. Nilikosea siku ile na nikadanganya juzi."

"Sema kwa sauti ya maiki."

Nikasimama kando ya tivii. "Mabibi na mabwana," nikasema, "Babu Magamba hakufa."

Kaka akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja kitu alichokisubiri mpaka akasahau ladha yake. "Vizuri," akasema. "Sasa funga hivyo vifungo vya shati upya. Umeruka kimoja, upande mmoja umepanda kama pazia la maskini. Na hilo sharubu lako lina mvi, nilikuwa sijui."

Binti amekaa chini pale pale sakafuni akacheka huku analia. Kaka naye akacheka. Kumbe utani wa familia haukupewa mimi peke yangu.

Jumatatu, tarehe 19

Jua. Nimeondoa ndoo.

Kaka amekaa nje anasoma kila kitu: kopo la rangi, gazeti la zamani, namba za mita ya umeme. Akimaliza hivyo atasoma na daftari hili, namjua, halina kufuli. Tayari ameniuliza kinachoandikwa humu ni nini, nikamwambia maombi.

Kwa hiyo niseme kabla hajafika. Yote niliyoandika ni kweli, hata ya foleni ya wanawake, kwa sehemu. Kitu kimoja nimekitunga. Ule mpango. Siku ile ya tarehe tisa sikupiga hesabu yoyote nikiwa nimesimama pale. Niliupata mpango baadaye, mlangoni, binti aliponitazama kwa jicho lile akisubiri nimwambie ni mtu wa namna gani. Nilisema amekufa kwa sababu nilitaka niwe nimeshinda, na aliyekuwa mbele yangu hakuweza kuona. Basi. Kama usingesikia yale mapovu, kaka, ungekuwa umekaa gizani mpaka leo, na mimi ningekuwa napita mtaani nasimulia jinsi nilivyokushinda.